Mimea Ikikataa Kushika, Panga Upya Tangi Lako

Jumapili hii tunaingia sebuleni, kwenye tangi la kioo la samaki. Tunawaelekea hasa wenzetu wa Magarini, kuanzia Mambrui na Gongoni hadi Marereni, pamoja na walio bara kule Marafa, kwa sababu mambo tutakayoyaeleza yanawagusa wao kuliko mtu anayeishi Limuru. Hata hivyo, yeyote anayechota maji ya kisima mahali popote pwani asikunje gazeti.

Kisa chenyewe ni cha kawaida. Mtu hujinyima akanunua tangi la lita 60, taa, pampu ya hewa na samaki wachache. Kisha huagiza mimea ya majini kutoka Mombasa, akaletewa ikiwa imefungwa ndani ya gazeti bichi ili isikauke njiani. Siku ya kwanza tangi hupendeza na watoto hawabanduki kiooni. Baada ya majuma machache majani huanza kugeuka rangi ya kahawia, yakalainika kama mboga iliyochemshwa kupita kiasi, kisha yakakatika. Mengine huvaa ukoga wa kijani. Mwenye tangi hununua mimea mingine, akaongeza mbolea ya chupa na taa kali zaidi. Nayo hufa. Ikifika mara ya tatu samaki pia huanza kupungua, kwa maana majani yanayooza huchafua maji na kumaliza hewa ambayo samaki wanaihitaji. Mwisho wake tangi hutolewa nje, likawa la kunyweshea kuku.

Kabla hujafika huko, tafadhali tulia kidogo. Usinunue mmea mwingine hata mmoja. Kwanza yatambue maji yako, kisha lipange tangi upya lilingane nayo. Maji ya Magarini hayatabadilika kwa ajili ya mmea wa mtu. Mmea na mpango wa tangi ndivyo vinavyoweza kubadilishwa.

Wala usidhani tatizo hili ni lako peke yako. Mkemia wa London, Robert Warington, alieleza mwaka 1850 jinsi alivyoweka samaki wa dhahabu wawili pamoja na mmea wa valisneria katika chombo cha maji. Majani yalipozeeka yalioza, maji yakachafuka na ukoga ukaota. Warington hakutupa chombo wala kubadilisha mmea. Aliongeza konokono, nao wakala yale majani mabovu, na maisha ndani ya chombo yakatengemaa. Huo ni miongoni mwa mianzo ya ufugaji wa samaki nyumbani kama tunavyoujua, na ndani yake tayari lipo somo la kupanga upya.

SI KILA JANI LIFALO NI MSIBA

Jambo la kwanza ni subira. Mimea mingi ya majini inayouzwa madukani hukuzwa katika vitalu majani yakiwa hewani, mizizi tu ndiyo imelowa. Ukiizamisha yote tangini, majani yale ya hewani hufa na mmea hutoa mengine ya majini. Basi ukiona majani ya zamani yanaoza katika majuma mawili au matatu ya mwanzo, yakate, uyatoe, kisha tazama kitovu cha mmea. Kama panachipuka kijani kibichi, uache. Kama kitovu chenyewe ni laini na kinanuka, hapo ndipo useme umekufa.

Lakini ikiwa mmea ulishika vizuri, ukakaa miezi miwili au mitatu, kisha ukaanza kudhoofika polepole, chanzo chake aghalabu ni kingine. Kwa watu wa Magarini chanzo hicho si kigeni hata kidogo.

SHAMBA LA CHUMVI SEBULENI

Kila aliyepita barabara ya Gongoni na Marereni ameona mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yasiyo na kina, jua na upepo huyakausha, maji yakapaa yakaiacha chumvi chini. Maji huondoka, chumvi haiondoki. Kazi yote ya shamba la chumvi imejengwa juu ya jambo hilo moja.

Sasa litazame tangi lako. Nalo ni bwawa dogo lililo wazi, katika nyumba yenye joto na upepo wa bahari. Kila siku maji hupungua kidogo, nawe kila Jumamosi unajazia kwa maji ya kisima. Tuseme tangi ni la lita 60, maji ya kisima chako yana gramu moja ya chumvi katika kila lita, na kila juma lita 5 hukauka. Siku ya kwanza tangi lina gramu 60 za chumvi. Kila juma unaongeza gramu 5. Baada ya majuma 12 zimefika gramu 120, yaani chumvi imerudufika ilhali maji ni yale yale lita 60. Baada ya miezi sita hivi ni gramu 180. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ndicho kinachoua mimea. Mizizi hushindwa kunyonya maji yenye chumvi nyingi, ncha za majani huungua, na mmea hunyauka ukiwa umo majini.

Dawa yake ni rahisi. Usijazie tu. Kila juma toa kwanza lita 10 za maji ya tangi, ndipo ujaze. Kwa hesabu yetu ile, ukitoa lita 10 na kujaza 15 za kisima, chumvi haitapita gramu moja na nusu kwa lita, hata miaka ipite. Na zile lita 5 zilizokauka ukizirudisha kwa maji ya mvua, tangi litabaki pale pale kwenye gramu moja. Maji ya mvua hayana chumvi wala chokaa ya kutajika. Kinga ya masika na ya vuli kutoka bati safi, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi na kinyesi cha ndege, ihifadhi katika mtungi wenye kifuniko. Mitungi miwili ya lita 20 yatosha kurudisha maji yanayokauka kwa majuma manane. Usilijaze tangi zima kwa maji ya mvua matupu ghafla, maana mabadiliko ya mara moja huwatesa samaki.

Wanaopata maji ya mfereji yatokayo Baricho, kando ya Mto Sabaki, chumvi haiwasumbui sana kama wenye visima. Wao wakumbuke kwamba maji ya mfereji hutiwa klorini ya kuua vijidudu. Yaache katika ndoo iliyo wazi kwa siku nzima ndipo uyatie tangini.

CHOKAA ILIYOJIFICHA

Chumvi na chokaa si kitu kimoja. Maji yanaweza kuwa matamu mdomoni na bado yakawa magumu. Utayajua jikoni: sabuni haitoi povu, na birika hushika utando mweupe ndani. Nchi yetu ya pwani kwa sehemu kubwa imekaa juu ya mawe ya matumbawe ya kale, na maji yapitayo humo huyeyusha chokaa yake.

Mimea mingi ya kuvutia tunayoiona katika picha imetoka penye maji laini yenye uchachu kidogo. Mimea hiyo hula hewa ya kaboni iliyoyeyuka majini, na katika maji magumu hewa hiyo huwa haba kwa namna wanayoweza kuitumia. Mjapani Takashi Amano, aliyefariki mwaka 2015, aliusisimua ulimwengu kwa matangi yaliyofanana na misitu na milima. Lakini nyuma ya urembo ule palikuwa na mtungi wa gesi ya kaboni, taa kali na mbolea ya kila siku. Ukichukua picha yake ukaiiga kwa maji ya kisima cha Mambrui bila vifaa hivyo, umejitafutia kilio.

Baya zaidi ni pale mtu anapoongeza chokaa mwenyewe. Huenda ufukweni akazoa mchanga mweupe, makombe na vipande vya matumbawe ili kupamba tangi. Vyote hivyo ni chokaa, navyo huyeyuka polepole na kuzidisha ugumu wa maji. Zaidi ya hayo, matumbawe si mali ya kuokota. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu ziliwekwa mwaka 1968 ili yalindwe. Kabla ya kutia jiwe au mchanga wowote tangini, udondoshee siki. Ukitoa mapovu, una chokaa, usiutumie. Mchanga mzuri ni wa mtoni, ulioshwa mara nyingi mpaka maji yatoke meupe, nao usitoe povu kwa siki.

JOTO NA MWANGA

Jambo jingine ni joto. Mimea mingi ya madukani hupenda maji ya nyuzi 22 hadi 27. Sebule ya pwani mwezi wa Machi huyafikisha maji nyuzi 30 na zaidi. Maji ya moto nayo hushika hewa kidogo. Katika nyuzi 20 maji yaweza kushika miligramu 9 za oksijeni katika lita, katika nyuzi 30 ni 7 na nusu tu. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji huyapoza kwa nyuzi mbili au tatu. Lakini kumbuka shamba la chumvi, kwani feni huharakisha kukauka, kwa hiyo akiba ya maji ya mvua iwepo.

Tangi lisikae penye jua la dirishani. Mwanga ule hulea ukoga kuliko mmea, na huchemsha maji. Taa ya kawaida kwa saa nane kwa siku yatosha. Mmea ulio dhaifu hauponi kwa taa kali. Ukoga ndio hushiba.

JIFUNZE KWA KIDIMBWI

Basi tangi lipangweje? Huna haja ya kwenda mbali. Mvua zikinyesha, tazama vidimbwi vya pwani yetu. Maji yake ni ya rangi ya chai. Chini pana tope na majani makavu. Nyasi zimeinama kutoka kandoni, na yungiyungi limetandaza majani juu. Huoni msitu wa kijani chini ya maji. Hata hivyo vidimbwi hivyo vina uhai. Humo huishi samaki wadogo wenye rangi za kupendeza ambao wataalamu huwaita Nothobranchius, na aina mojawapo hujulikana kutoka Kikambala, katika kaunti yetu hii ya Kilifi. Kidimbwi kikikauka samaki hufa wote, lakini mayai yao hubaki katika tope yakingoja mvua, nayo maji yakirudi huanguliwa. Samaki hao waache waliko, wengine wako hatarini kutoweka. Chukua mfano wa makao yao tu.

Mfano huo una siri moja kubwa. Mimea ya kidimbwini imetoa majani juu ya maji. Huko hewani kaboni ni tele na mwanga ni wa bure, hata maji ya chini yakiwa magumu au ya rangi ya chai. Nawe fanya hivyo. Chukua ule mmea utambaao wa majani ya umbo la moyo yenye mabaka ya njano, ambao nyumba nyingi wanao kwenye kopo barazani. Kata tawi, osha, kisha ning'iniza mizizi majini na majani yabaki nje ya tangi. Utakunywa uchafu wa samaki na kustawi. Watoto wasiyatafune majani yake, maana huwasha mdomo.

Ndani ya maji weka michache migumu. Valisneria, ile ile ya Warington, yenye majani marefu kama utepe, hutumia chokaa ya maji kupata kaboni yake na huvumilia chumvi kidogo. Seratofilamu, mmea usio na mizizi wenye majani membamba kama sindano, huelea tu na hukua upesi hata katika maji magumu. Anubiasi ya Afrika Magharibi hukua polepole, haitaki mwanga mwingi, na majani yake ni magumu kama ngozi. Usiuzike mzizi wake mnene mchangani, utaoza. Ufunge juu ya jiwe kwa uzi.

Nafasi iliyobaki usione haya kuijaza kwa vitu visivyokufa. Kifuu cha nazi kilichokwanguliwa na kuchemshwa ni pango zuri la samaki. Majani makavu ya mkungu, yaliyoanguka yenyewe, huyapa maji rangi ya chai na samaki hujificha chini yake. Matatu yatosha kwa lita 60. Mawe ya mtoni yaliyopita mtihani wa siki yapange kwa kuegemeana, makubwa nyuma na madogo mbele. Na kama maji yako ni magumu lakini hayana chumvi, wapo samaki wanaoyapenda: wale wa maziwa ya Tanganyika na Malawi, wanaoishi katikati ya miamba. Tangi lao huwa la mawe karibu matupu, na hakuna anayelicheka.

NAMNA YA KUPANGA UPYA

Usibomoe kila kitu kwa siku moja. Katika changarawe na kichujio wamo vijidudu vyema vinavyosafisha uchafu wa samaki. Ukivisafisha vyote pamoja, samaki watakufa kwa sumu ya kinyesi chao. Kwa hivyo fanya hivi:

Juma la kwanza, toa mimea iliyokufa, matumbawe na makombe. Badilisha lita 10 za maji.

Juma la pili, weka kifuu, mawe na ule mmea wa majani ya nje. Kichujio kikihitaji kuoshwa, kioshe kwa maji yaliyotoka tangini, si ya mfereji.

Juma la tatu, badilisha nusu ya mchanga iwapo ulikuwa wa ufukweni. Nusu nyingine ingoje mwezi mmoja.

Juma la nne, panda valisneria au seratofilamu kidogo, uone. Ikishika kwa mwezi, ongeza.

Faida nyingine utaiona umeme ukipotea. Tangi lenye samaki wachache na mimea michache migumu huvumilia giza la usiku mzima. Lile la taa kali, gesi na samaki wengi halivumilii.

TAHADHARI MBILI

Ukitamani mmea wa kidimbwini, usimtume mtoto aingie majini. Vidimbwi vya pwani vina konokono wanaoeneza kichocho. Mdudu wake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Ni heri kununua mmea kwa mwenye tangi.

Na mmea uliozidi usiutupe mtoni wala kidimbwini. Gugu maji lililoziba Ziwa Victoria katika miaka ya 1990, likawafungia wavuvi njia, asili yake ni Amerika Kusini na lilisambazwa duniani kama ua la mapambo. Yaliyozidi yakaushe juani, kisha yatie shambani.

MAJI YA WATU KWANZA

Wapo watakaouliza: Magarini, mahali ambapo ukame wa 2020 hadi 2023 uliwafanya kina mama watembee na mitungi kutwa, mtu ajaze maji tangi la mapambo? Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba tangi liwe dogo, na maji yanayotolewa yasimwagwe. Lita 10 za kila juma zina mbolea ya samaki ndani yake. Yakiwa matamu, mwagilia mchicha. Yakiwa na chumvi, mpelekee mnazi, wenyewe huvumilia. Na mwaka ambao mtungi umekuwa adimu nyumbani, wape samaki jamaa mwenye maji, ulifunike tangi mpaka mvua zirudi. Hata kidimbwi hukauka.

Magarini imeshaona mipango iliyokuja bila kuuliza maji. Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali, kwa msaada wa Australia, ilianzisha mradi mkubwa wa kuwapa watu makao na mashamba huko. Mwaka 1991 wataalamu watatu waliandika kitabu kizima juu ya jinsi mradi ule ulivyokwama, na shida ya maji ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoukwaza. Tangi la sebuleni ni jambo dogo mno mbele ya hilo, lakini swali la kuanzia ni lile lile: maji ya hapa yakoje, na ni nini kinachoweza kuishi ndani yake?

Kwa hiyo leo jioni, kabla ya kutuma pesa Mombasa, chukua kikombe cha maji ya kisima chako. Yaonje, yapimie sabuni, litazame birika. Dondoshea siki mchanga wa tangini. Majibu manne utakayopata yatakuambia cha kutoa na cha kuacha.

Hadi Jumapili ijayo, panapo majaliwa, kwaherini.